Marehemu Aomba Msaada

Sehemu ya saba

Wiki iliyopita niliwaacha tairi likiwa linatupita.

Kuna dada aliyeniandikia kupitia gazeti hili akiuliza kwa nini sikumwacha mume wangu mapema. Dada yangu, ningemwacha niende wapi? Anayeachika hurudi kwao. Mimi kwetu palikuwa na magurudumu manne, na ufunguo alikaa nao yeye.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitafupisha, maana kuyarudia kunanichosha hata mimi niliyeyapitia. Mimi na mume wangu hatuna nyumba. Tulikuwa na basi dogo kuukuu lenye spika mbili juu ya paa, godoro nyuma, jiko la mafuta ya taa chini ya kiti, na nguo zetu kwenye kamba dirishani. Tulizunguka masokoni tukiuza mafuta ya kujipaka, ya kutibu presha, mgongo, miguu inayowaka moto na kila kinachomsumbua mwenye hela mkononi. Mume wangu ndiye aliyeshika kipaza sauti, na watu wakimwita Profesa, ingawa shule aliitoroka mapema. Dereva alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake marehemu baba mkwe wangu.

Na mimi? Mimi nilikuwa nakufa.

Ndiyo, hiyo ndiyo kazi yangu. Ninaingia kwenye umati na kikapu, naulizia bei ya nyanya, halafu naanguka. Macho juu, mikono inatetemeka, povu la sabuni mdomoni. Baba Mdogo anapiga ukelele, "Jamani, huyu mama amekufa!" Watu wanajaa. Profesa anashuka na chupa, ananipaka kifuani na kwenye nyayo, nafufuka. Ndiyo maana wao wawili wakaniita Marehemu. "Marehemu, chai iko wapi?" "Marehemu, sogea nami nilale." Jina lilizoeleka hadi nikawa naitika.

Sheria yetu ilikuwa kwamba ukishakufa sokoni, mnaondoka hapo hapo, tena mbali, msikojulikana. Siku ile pancha ikatuchelewesha. Baba Mdogo akabadilisha tairi nyuma ya soko huku watu wakianza kutusogelea na maswali ambayo Profesa hapendi kuulizwa. Akakaza nati kwa mkono. Akasema atamalizia mbele kwa spana.

Nyumba za mwisho hata hazijapotea nyuma yetu, nikaona tairi linabingirika pembeni ya dirisha langu. Nikacheka. Nikasema, "Baba Mdogo, tazama, kuna mtu kadondosha tairi."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipowaacha.

Gari lililala upande, likakwangua lami, likaingia mtaroni na kugeuka. Sitapamba maelezo. Aliyewahi kupinduka anajua, na asiyewahi namwombea asijue.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimelalia dari. Chupa zilikuwa zimevunjika zote, na yale mafuta yakanimwagikia usoni. Tunayatia pilipili kichaa ili mteja akijipaka ahisi moto, aseme dawa inafanya kazi. Yaliniingia machoni na kwenye jeraha la paji la uso. Nikapiga mayowe. Siku hiyo ndipo nilipojua wateja wetu walikuwa wananunua nini.

Kiti cha dereva kilikuwa kitupu. Nikatambaa, nikatokea palipokuwa na kioo cha mbele. Baba Mdogo alikuwa amesimama barabarani, mzima, hata kofia haijamtoka kichwani.

"Baba Mdogo! Njoo utusaidie!"

Akanitazama. Akalitazama gari. "Nakwenda kuleta watu," akasema, akaondoka kwa mwendo wa mtu anayewahi.

Mpaka ninapoandika haya hajarudi. Wala hao watu hajawaleta.

"Marehemu." Ilikuwa sauti ya mume wangu. "Marehemu, nitoe."

Alikuwa amelala chali kwenye majani ya mtaro, nusu nje. Mguu wake wa kulia, kuanzia gotini kushuka, ulikuwa chini ya gari. Nikashika bati nikavuta. Nikaweka bega nikasukuma. Gari halikutikisika hata kidogo. Damu ilikuwa inalowesha majani, na nyuma ya kichwa chake petroli ilikuwa inadondoka, tone kwa tone, karibu na jiko letu ambalo asubuhi nilipikia uji.

"Vuta!"

"Navuta!"

"Wewe hujawahi kuwa na nguvu ya kitu," akasema, na akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona mume wangu akilia pasipo wateja.

Sijui nyaya ziligusana vipi. Ghafla spika juu ya paa, sasa chini ya paa, zikafunguka. Sauti yake iliyorekodiwa ikatoka kwa nguvu zote: "Sogea, mwananchi, sogea! Usiogope! Kutazama ni bure, kupona ni juu yako!"

Na wananchi wakasogea.

Walikuwa wanatoka soko lile lile, wanarudi makwao na mizigo kichwani. Wakaja wakicheka. Wakatuzunguka kwa lile duara letu ninalolijua, mbele wafupi, nyuma warefu, kila mtu akitafuta pa kuona vizuri.

"Ee! Si wale wa mafuta?"

"Ndio wao. Na yule mwanamke ndiye aliyekufa mchana."

"Sasa wameleta na ajali! Hawa watu wana akili, msiwaone hivi."

Nikawakimbilia. "Jamani, ni ajali ya kweli! Mume wangu amebanwa! Njooni tuinue gari!"

Mzee mmoja mwenye baiskeli akawageukia wenzake. "Mchana alikuwa mteja, hata hamjui huyu bwana. Jioni amekuwa mumewe. Haya mapenzi ya siku hizi yana mbio."

Wakaangua kicheko. Nikampigia magoti yule mzee. Wakapiga makofi.

"Baba yangu, shika tu hapa. Nakuomba."

"Sishiki kitu, mwanangu. Nikishika mtasema nimekubali kununua."

Nililia. Nililia kama nilivyomlilia mama yangu mzazi. Kijana mmoja akasema, "Hapo sasa analia vizuri. Mchana alizidisha povu." Mwenzake akasema damu nayo wameipatia, si kama rangi zile za kwenye maigizo ya shule.

Ndugu msomaji, nimetukanwa maishani, nimepigwa, nimelala njaa. Hakuna kilichowahi kuniuma kama yale makofi. Walikuwa hawana ubaya wowote. Tuliwafundisha sisi wenyewe kwamba mwanamke akianguka mbele yako, unasimama kando unangoja chupa itoke.

Akatoka mwanamke mwenye ndoo kichwani. Alikuwa wa umri wangu, macho yake mapole. Yeye hakuwa anacheka. Akaitua ndoo, akatoa ndani yake chupa yetu mpya, akanipa kwa mikono miwili.

"Mpake basi, dada. Mpake upesi. Si yanaunga hata mfupa?"

Nikaishika ile chupa.

"Hii ndiyo dawa ya mama yangu," akaendelea. "Nilinunua mara ya kwanza mwezi uliopita, mlipokuja kule soko la ng'ambo ya mto. Siku ile nawe ulianguka. Nilikuhurumia sana. Leo nilipokuona umeanguka tena, nikasema maskini, huyu mama maradhi yake kama ya mama yangu, hayamwachi."

Alikuwa ameniona nikifa mara mbili, na mara zote mbili aliniamini.

"Mama yako anaumwa nini?"

"Presha. Vile vidonge ameviacha, kama Profesa alivyosema, visigombane na dawa. Lakini tangu asubuhi kichwa kinamuuma, na mkono mmoja umekufa ganzi. Ndiyo nikaja kuongeza chupa."

Nilijua mkono uliokufa ganzi maana yake nini. Mama mkwe wangu alianza hivyo hivyo.

"Marehemu!" Profesa akaniita, kwa sauti ya chini ambayo huitumia tukiwa kazini. Nikainama kwake. Uso wake ulikuwa umepauka, lakini macho yalikuwa yale yale ya sokoni, yanahesabu watu.

"Wako wangapi?"

"Wengi. Hawatuamini."

"Vizuri. Sikiliza. Nipake mbele yao. Mimi nitaguna, halafu nitasema naanza kuhisi mguu. Waambie wainue gari waone Profesa anavyosimama. Watainua. Na chupa zilizobaki nyuma zitakwisha leo hii."

"Chupa zimevunjika zote."

"Basi watatoa oda."

Mume wangu alikuwa anakufa, na alikuwa anapokea oda.

Lakini nikamtii. Wenye akili zenu mnaweza kunicheka. Sikuwa na wazo lingine, na nilikuwa nimezoea kumtii. Nikafungua chupa, nikaiinua juu waione, nikamimina kwenye goti lake.

Nilisahau pilipili. Yeye pia alisahau.

Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu. Umati ukashangilia. "Dawa imeingia!" "Imemkolea!" Spika zikasema, "Mafuta yasiyo na mpinzani!"

"Inueni gari sasa!" nikapaza sauti. "Inueni mwone anavyosimama!"

"Aah, hapana," akasema yule mzee wa baiskeli. "Asimame mwenyewe. Tukimwinua sisi, dawa imefanya nini?"

Na watu wote wakakubaliana naye. Kusema kweli, alikuwa na haki.

Nikamtazama mume wangu. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Petroli ilikuwa imefika kwenye kola ya shati lake. Nikamtazama mwanamke mwenye ndoo, anangoja kwa imani yake yote. Nikajua kimebaki kitu kimoja tu cha kufanya, na yeye pale chini akajua kwamba nimejua.

"Usithubutu," akasema. "Nakwambia, usithubutu. Tutakula nini?"

Nikasimama.

"Nisikilizeni! Mchana sikufa! Mwezi uliopita sikufa! Sijawahi kuugua hata siku moja, povu ni la sabuni! Haya mafuta ni uongo. Ni mafuta ya kula, na kafuri, na pilipili. Nayachemsha mwenyewe, kwa mikono yangu hii, kwenye sufuria ile pale! Hayatibu kitu! Yangetibu, huyu angekuwa amelala hapa?"

"Nyamaza," Profesa akanong'ona. Spika zikaendelea kumsifia.

"Unasema?" akauliza mwanamke mwenye ndoo.

"Nenda kampe mama yako vidonge vyake. Kimbia, dada yangu. Mpeleke hospitali, sasa hivi."

Alinitazama mpaka nikainamisha uso. Halafu akakimbia. Ndoo aliiacha barabarani.

Nilidhani sasa wataniamini na kuja kusaidia. Kweli waliniamini. Jiwe la kwanza likapiga ubavu wa gari.

"Wezi!"

"Mke wangu amejipaka mwezi mzima!"

"Nani ana kiberiti? Si wanapenda moto hawa?"

Jiwe jingine likanipata begani. Yule kijana aliyesema nalia vizuri alikuwa ameshika fimbo. Nikajilaza juu ya kifua cha mume wangu, na yeye, badala ya kunishika, akanisukuma kwa viganja vyote viwili. "Umeniua," akasema. "Umeniua, wewe mwanamke."

Honi ikalia. Lori la saruji likasimama, akashuka dereva, jitu la watu, kaptula na kandambili. Akawapenya. Akachovya kidole kwenye damu iliyokuwa majanini, akanusa hewa.

"Petroli yote hii na mtu anataka kiberiti? Mnataka kuungua nao?"

"Ni matapeli hao!"

"Sawa. Mtampiga akishatoka. Huwezi kumpiga mtu aliye chini ya gari, unaumiza mkono bure. Haya, wewe shika hapa. Wewe mwenye fimbo, itumie kwa kazi, sukuma pale. Mzee, tupa hiyo baiskeli."

Waliinua. Watu wale wale, mikono ile ile iliyonipigia makofi. Dereva akahesabu, wakanyanyua, nikamshika mume wangu kwapani nikavuta. Akatoka. Mguu nao ukatoka, lakini kwa namna ambayo sitaieleza kwenye gazeti linalosomwa na watoto.

Dereva wa lori hakungoja wakumbuke kutupiga. Akambeba, akamlaza juu ya mifuko ya saruji, nami nikapanda. Askari mmoja aliyefika kwa pikipiki akatufuata nyuma. Nakumbuka niliona taa yake, nikafarijika. Nikajisemea, ona, hata serikali inatusindikiza.

Njiani nilimshika mume wangu mkono. "Uko hai," nikamwambia. "Gari si kitu. Tutaanza upya, tutauza hata chumvi. Uko hai."

Alikuwa anafikiri. Nilipaswa kuogopa hapo, kwa sababu ninamjua anapofikiri.

Hospitali ilikuwa na korido ndefu, mabenchi ya mbao na sakafu iliyodekiwa muda huo huo. Machela ikamchukua. Askari akaandamana naye hadi mlangoni, akainama, nikaona mume wangu akimsemesha huku amemshika mkono wa shati. Wahudumu wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa. Mimi nikakalishwa kwenye kiti, nesi akaanza kunishona paji la uso.

"Wewe ni nani wake yule bwana?" akaniuliza.

"Mimi ni mke wake."

Sindano ikasimama.

"Mke?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

Nesi akatazama mlango, akanitazama. Alikuwa mtu mzima, mwenye sura ya mama wa watoto wengi. "Mama, mimi umbea siupendi. Lakini nilikuwa pale nimeshika chupa yake ya dripu. Amemwambia afande hana mke."

"Amechanganyikiwa. Amepoteza damu."

"Labda." Akavuta uzi. "Anasema wewe ni bosi wake."

Nilicheka. Nesi akaniambia nitulie, atanishona jicho. Sikuweza kutulia. Bosi! Mimi ambaye hata kanga ya kuvaa nilikuwa naomba ruhusa kununua.

Askari akaja akakaa kando yangu. Hakuwa mkali. Wakali unajua pa kuwashika. Huyu alikuwa na upole wa mtu ambaye kazi yake imeshakwisha.

"Mama, wewe ndiye mwenye mafuta?"

"Mafuta ni ya mume wangu, afande."

"Yule bwana anasema ulimwajiri apaze sauti tu. Anasema kilichomo kwenye chupa hakijui. Wewe ndiye mpishi, wewe ndiye mwenye biashara, na yeye alikuwa hajui kama watu wanaambiwa waache vidonge."

"Ni yeye anayewaambia! Kwa mdomo wake! Spika zilikuwa zinasema pale, si ulisikia?"

"Nilikuta spika zimenyamaza. Nilichokikuta ni watu, na watu wote wanasema kitu kimoja. Wanasema ulisimama ukatangaza kwamba unachemsha mwenyewe, kwa mikono yako."

"Nilisema vile ili wamwinue!"

"Najua," akasema. "Lakini ulisema."

Nikamwambia aende kwenye gari, ataona godoro letu, nguo zetu kwenye kamba moja, shati lake na gauni langu. Kuna picha yetu ya ndoa kwenye mkoba wa kijani. Kuna kipaza sauti chake.

"Mama, gari limeungua, nimeletewa taarifa. Hamkufika hata kona, likawaka. Nani kaliwasha, hakuna aliyeona."

"Baba Mdogo anajua kila kitu. Muulize Baba Mdogo."

"Yuko wapi?"

Ningemwambia nini? Kwamba alikwenda kuleta watu?

Kwa hiyo hivyo ndivyo nilivyosalimika katika ajali ile. Nilitoka na mikwaruzo na paji lililoshonwa. Nyumba imeungua, ndoa imeungua ndani yake, na kilichobaki ni maneno yangu mwenyewe midomoni mwa barabara nzima. Nilimtoa chini ya gari, naye akaniingiza mimi. Niseme ninavyohisi? Nilimchukia. Nilimchukia kwa roho yangu yote, tena nikashangaa, kwa sababu miaka yote nilidhani nimeshamchukia kumbe nilikuwa bado.

Mlango wa nje ukafunguliwa kwa kishindo. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale nje inaunguruma, na mwanamke mwenye ndoo, sasa hana ndoo, alikuwa anaingia akimshikilia mama yake upande mmoja, mwenye pikipiki upande wa pili. Mdomo wa yule bibi ulikuwa umekwenda upande. Mguu mmoja ulikuwa unaburuzwa kwenye sakafu.

Nesi akaniacha na uzi unaning'inia, akakimbilia kwao. Wakampokea bibi, wakampeleka ndani. Mwanawe akabaki katikati ya korido, mikono mitupu. Akaniona.

Nilisimama ili anipige. Nawaambia kweli, nilitaka anipige.

Akaja akasimama mbele yangu. "Nilimpa vidonge," akasema taratibu. "Nilimwekea mdomoni. Vikatoka. Hawezi kumeza."

Nikasema, "Dada..."

"Mwezi uliopita nilikuhurumia," akasema. "Niliporudi nyumbani nilikuombea." Akaenda kukaa benchi la mbali, akaufunika uso kwa kanga.

Askari naye alikuwa amesikia. Akatoa peni mfukoni, akairudisha.

Ndipo daktari akatoka. Daktari wa kweli huyu, glavu zina damu, kijana ambaye hajalala usingizi wa kutosha.

"Ndugu wa yule wa mguu ni nani?"

Akatazama benchi hadi benchi.

"Amezimia. Mguu umeshakufa, tunatakiwa kuukata sasa hivi, na sumu ikipanda juu hatutampata tena. Nahitaji ndugu asaini. Ndugu hata mmoja hayupo?"

"Alisema hana ndugu huku," askari akamjibu. "Hana mke, hana mtu."

"Basi tunampoteza kwa sababu ya saini," daktari akasema kwa hasira, kana kwamba ni sisi tuliompindua.

Nikamwona nesi ananitazama. Mwenye pikipiki ananitazama. Askari akanisogelea, akaongea polepole ili asikie mtu mmoja tu.

"Mama, sikushauri kitu, si kazi yangu. Ila ujue. Yule akipona, shahidi wa kwanza dhidi yako ni yeye. Yale aliyoniambia pale mlangoni atayasimamia mahakamani, tena kwa mguu mmoja, na hakimu atamhurumia."

"Na asipopona?"

"Asipopona, nina maneno ya mtu aliyezimia katikati ya kusema. Wakili yeyote atayapangua."

Alisema hivyo halafu akatazama pembeni, kama mtu aliyetoa salamu tu.

Kutoka benchi la mbali ikaja sauti. Yule mwanamke alikuwa ameifunua kanga.

"Si ulisema ni mumeo?" akaniuliza. "Barabarani ulilia ukasema ni mumeo. Au na hilo nalo lilikuwa la dawa?"

Korido nzima ikanigeukia.

Nikamwendea daktari. Nikanyoosha mkono, akanipa karatasi na peni. Akaiweka karatasi kwenye ukuta nipate pa kuandikia, akanionyesha kwa kidole.

"Hapa jina lako kamili. Hapa andika wewe ni nani kwake. Halafu saini chini."

Jina niliandika.

Nikafika pale pa pili. Peni ikasimama.

"Mama," daktari akasema, "hatuna muda."

Nikautazama ule mlango, alikolala mtu aliyesema hana mke. Hapa ndipo ninapowaacha wiki hii.